Dondoo muhimu: Sweta la vifungo lisilo na mshono

Masika yakianza kijijini Ijumbi, mtoto wa shule hatoki asubuhi bila sweta. Ukilifuma mwenyewe, anzia mabegani ushuke chini, njia aliyoifundisha Mmarekani Barbara Walker katika kitabu chake cha 1972. Utampima mtoto kazi ikiendelea, na mwakani akirefuka unafumua pindo la mkono na kuongeza.

Kwanza fuma kipande cha majaribio, kifue, kikauke, ndipo uhesabu vitanzi. Vikiwa 20 kwa sentimita 10, sweta la mzunguko wa sentimita 70 linataka 140.

Kazi yenyewe iko begani. Kiwiliwili kikiwa tayari, anza mkono: okota vitanzi kuzunguka tundu lake lote, kuanzia katikati ya kwapa. Fuma theluthi ya juu tu, kisha geuza. Kila mstari chukua kitanzi kimoja zaidi, geuza tena. Bega litajitengenezea mviringo wake. Unapogeuza, zungushia uzi kitanzi kinachofuata, la sivyo patabaki matundu. Usiharakishe hapa, maana ndipo sweta linapokaa vizuri au kuvuta. Ukifika kwapani, fuma kwa mzunguko hadi kwenye kifundo cha mkono, ukipunguza vitanzi taratibu.

Ukanda wa vifungo fuma mwisho.