Damu Iliyomwagwa kwa Kukosea

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twaingia katika darasa letu.

Ndugu zetu, nilikwenda Kabianga, katika nchi ya chai upande wa Kericho, kuwazuru vijana wetu wa pwani wasomao chuoni huko. Baada ya sala ya alasiri tukaketi, na kijana mmoja akaniuliza: "Sheikh, askari akiuawa kwa risasi ya mwenziwe asiyemtambua, damu yake i juu ya nani?" Kabla sijajibu, mwingine akasema: "Hiyo ni kadari, hapana wa kuulizwa." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike, kwa kuwa hata mjini kwetu husemwa vivyo hivyo.

Kwanza na tujue ya kuwa jambo lenyewe limetokea kwetu. Mwaka 1978, katika vita vya Tanzania na Idi Amin, wapiga mizinga wa Tanzania huko Musoma waliziangusha ndege tatu za jeshi lao wenyewe, wakidhani ni za adui. Na tarehe 21 Septemba 2013, watu walipovamiwa katika jengo la Westgate, Nairobi, polisi wa kikosi maalumu walitangulia kuingia, wakaja wanajeshi nyuma yao, wala hapakuwa na amri moja ya kuwaunganisha. Kiongozi wa polisi wale akauawa kwa risasi za wanajeshi.

Tena wako waliouawa na upande wao pasina risasi. Katika Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918, Waingereza waliwakusanya watu wetu, wengi wao kwa nguvu, wawe wachukuzi wa mizigo. Ndiyo asili ya jina Kariakoo. Kutoka Kenya peke yake walikufa zaidi ya 40,000, na wengi wao hawakuuawa na Mjerumani. Waliuawa na njaa, na kuhara, na chakula wasichokizoea. Mwaka 1919, vita vilipokwisha, ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis karibu na Kericho walipewa maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani, wapate kulima kitani. Kilimo kile kikaanguka, na ardhi ikaingia mikononi mwa makampuni ya chai. Basi aliyelemaa alipewa ardhi ya mwenziwe, na mchukuzi aliyekufa hakupewa hata kaburi lenye jina. Sanamu lile la askari na wachukuzi tulionalo Mombasa halina jina la maiti hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri ya kuwa waliokufa zaidi ya 100,000, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa majina, ikaomba radhi.

Sasa tuitazame Sheria. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, safu zilipochanganyika, Waislamu walimpiga kwa panga mzee Yaman, baba yake Hudhaifa, wasimtambue. Hudhaifa akapiga kelele kuwa yule ni babake. Hawakumsikia mpaka wakamuua. Yeye akawaombea maghufira. Hata hivyo Mtume (s.a.w.) alitaka kumlipa dia ya babake, na Hudhaifa akaitoa sadaka kwa Waislamu.

Zingatieni, ndugu zangu. Mauaji yale hayakufichwa. Dia haikuangushwa kwa kusemwa kuwa ni makosa ya vita. Na msamaha ulitoka kwa mrithi, haukutoka kwa waliopiga. Ndiyo hukumu ya Suratun Nisaa, aya ya 92: mwenye kuua kwa kukosea hauawi, lakini yampasa kafara, na jamaa wa aliyeuawa wana dia yao ila wakisamehe, wala aliye katika watu wenye mkataba nasi haki yake haipotei kwa sababu ya dini yake. Na Khalid bin Walid alipowaua Bani Jadhima mwaka wa 8, Mtume alijitenga mbele ya Mola wake na kitendo kile, akampeleka Ali na mali akawalipe.

Basi kadari ni kweli, nasi twaiamini. Bali kadari ndiyo itufanyayo tusubiri, siyo itufanyayo tuikate haki ya yatima. Mwenye kumgonga mtu kwa gari huulizwa. Vipi asiulizwe mwenye mzinga? Tena kuficha khabari kwazaa dhuluma ya pili. Mke asiyejua kama mumewe amekufa hajui kama akae eda, na watoto hawajui kama mirathi igawanywe. Wajane wangapi wa Kariakoo walizeeka wakitazama njia?

Yatupasa mambo mawili. Serikali yoyote inayotuma watu vitani, nasi tuiambie wazi: taja majina, sema kweli, lipa. Na sisi wenyewe, kila mtaa uwaulize wazee majina ya waliokwenda wasirudi, yaandikwe kabla wazee hao hawajatutoka. Yaleteni darasani Alkhamisi, tutayaandika, na tutawaombea waliokuwa Waislamu kwa majina yao.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.