Nyumba Isiyo na Bosi Ina Mpishi Mmoja

*Nina miaka 23, napiga gita la besi katika bendi ya panki hapa Kisumu. Tunaishi watano Manyatta, wavulana wanne na mimi. Tulikubaliana hakuna bosi, kila kitu ni chetu sote. Lakini kodi hutoka kwenye simu yangu, unga nanunua mimi, na wageni wakija kulala ni mimi ninayesonga ugali. Nikiuliza, naambiwa nimeanza ubepari. Mama yuko Seme, anataka nirudi nyumbani kabla sijaharibika. Sitaki kuacha bendi. Nifanye nini?*

Mpiga Besi, Manyatta

Mwanangu,

Muziki wenyewe haujakuharibu. Crystal Axis wanapiga panki Nairobi, na Duma, vijana wa Nairobi pia, walitoa albamu mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Una wenzako.

Hata kuishi kundi zima chini ya paa moja, Wajaluo hawakukusubiri kutoka ng'ambo. Kijana alijenga simba, yaani kibanda chake, karibu na lango la boma la baba, na humo walilala ndugu, binamu na marafiki, mgeni hafukuzwi. Lakini jiulize chakula kilitoka wapi. Kilitoka jikoni kwa mama. Kwenye duol, kibanda cha mwenye boma, nako wazee walikula pamoja, kila mke akileta chungu chake. Ukarimu ule wote ulibebwa na mwanamke aliyekwisha kuchota maji, kusaga na kusonga. Wenzako wameihamishia simba Manyatta, na kwa kuwa hapo hakuna jiko la mama, wamekugeuza wewe kuwa jiko. Sidhani walikaa wakapanga hivyo. Ndivyo ilivyotokea, na ndiyo maana hawaioni.

Hilo la ubepari limeniudhi. Anayelala bure kwa kodi ya mwenzake, kisha akamtukana anapouliza, ndiye anayekula jasho la mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Jo Freeman, mwanaharakati wa wanawake Marekani, aliandika kwamba kundi lisilotaja mpangilio wake huwa nao tu, ila wa kichinichini, na hakuna anayeweza kuuhoji. Wapanki wenyewe wanaijua Dial House, nyumba ya shambani Essex, Uingereza, ambako Penny Rimbaud na Gee Vaucher walianza kuishi mwaka 1967 na ambako bendi ya Crass ilizaliwa mwaka 1977. Mlango ulikuwa wazi kwa kila mgeni. Lakini walilima pia, na bustani ya mboga inataka watu wa kuipalilia.

Basi waite wote wanne siku isiyo na mazoezi, kabla kodi ya mwezi ujao haijafika. Usihutubu. Fungua simu, wasome wenyewe jumbe za M-Pesa: kodi, tokeni za stima, gesi, gorogoro ya unga. Halafu kila mmoja aseme mbele ya wengine atatoa nini. Asiye na pesa mwezi huu achote maji, aende Kibuye kutafuta omena, asugue sufuria iliyogandiwa na ugali wa jana. Iandikeni zamu ukutani. Mgeni alishwe na aliyemwalika, na mkubaliane atalala siku ngapi.

Jambo moja usilicheleweshe: jina lililo kwenye mkataba wa nyumba. Kama ni lako pekee, deni ni lako pekee. Sheria ya Kenya, Sura ya 293, inamruhusu mwenye nyumba kukamata mali iliyomo ndani kufidia kodi, na dalali akifika na lori ataanza na amplifaya. Majina mengine yaongezwe.

Wakikataa, hama. Tafuta chumba kimoja Nyalenda, beba besi yako, uendelee kwenda mazoezini. Bendi si lazima ilale mahali pamoja ili ipige pamoja, na kama watakutimua kwenye bendi kwa sababu umeacha kuwapikia, utakuwa umejua walikuhitaji kwa kazi gani.

Mama usimkwepe. Mwalike Jumapili moja aone unapolala na akutane na hao vijana ana kwa ana. Samaki atoke Dunga, na siku hiyo apike mvulana.