Ndugu Akikamatwa kwa Ombi la Nchi Nyingine, Fanya Haya

Machimboni Geita na Kahama, Mrundi na Msukuma hushuka duara moja. Ikitokea askari wamemchukua mwenzenu na mkaambiwa "anatakiwa kwao", msikimbilie kuuza ng'ombe ili mhonge mtu. Fuateni hatua hizi.

Ulizeni: anafukuzwa au anarejeshwa? Kumwondoa asiye na kibali ni kazi ya Uhamiaji, kama ilivyoonekana katika Operesheni Kimbunga ya 2013 hapa Geita, Kagera na Kigoma. Kurejeshwa ni nchi nyingine kumdai mtu kwa kosa la jinai, na hapo sheria yetu, Sura ya 368 ya Sheria za Tanzania, inamtaka hakimu asikilize kwanza.

Njia hizi zikichanganywa, mtu huumia. Khalfan Khamis Mohamed, Mtanzania aliyetuhumiwa kwa mlipuko wa ubalozi wa Marekani Dar es Salaam mwaka 1998, alikamatwa Cape Town mwaka 1999 na kukabidhiwa kwa Wamarekani kwa njia ya kufukuzwa, si ya kurejeshwa. Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitamka kwamba haikuwa halali kumtoa bila ahadi kuwa hatauawa. Wakati huo alikuwa tayari kizimbani New York. Basi wahini mapema.

Takeni kujua hati ya kumkamata imetoka kwa hakimu gani. Kwa kawaida ombi hupitia kwa waziri, naye humjulisha hakimu. Andikeni kituo alichopelekwa, tarehe na kosa linalotajwa.

Tafuteni wakili au msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili ya wasio na uwezo.

Jengeni hoja zinazohusika. Hakimu hatoi hukumu ya hatia. Anapima kama huyu ndiye anayetakiwa, na kama ushahidi unatosha kumfikisha kwenye kesi. Leteni vitambulisho na watu wanaomfahamu. Kama kosa ni la kisiasa, semeni wazi; sheria haimrejeshi mtu kwa kosa hilo.

Hesabuni siku 15. Hakimu akiamuru arejeshwe, hasafirishwi kabla siku hizo hazijaisha. Ndani ya siku hizo, wakili apeleke maombi Mahakama Kuu kupinga kushikiliwa kwake.

Aliyeua au kuiba kwao sharti akajibu. Waliodhulumiwa wanastahili haki. Ila aende kwa amri ya mahakama, baada ya kusikilizwa.