Kutikisa si Kupindua: Vitenzi vya Kiswahili katika Utoaji wa Damu na Uandaaji wa Slaidi

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapopewa zoezi la kuunda istilahi za taaluma fulani, aghalabu jambo la kwanza alifanyalo ni kuorodhesha vifaa. Huuliza: hiki kitaitwaje, na kile je? Matokeo yake ni orodha ndefu ya nomino, nyingine za kufaa na nyingine ambazo hazitawahi kutoka nje ya jalada la tasnifu. Makala haya yanapendekeza njia nyingine. Tunashikilia kwamba katika taaluma za vitendo, hususan kazi ya maabara ya hospitali, uzito wa istilahi umo katika vitenzi. Sampuli ya damu haiharibiki kwa sababu mtu hakujua jina la kichupa. Huharibika kwa sababu alikitikisa badala ya kukipindua.

Data yetu ni hatua za kutoa damu mshipani na kidoleni, pamoja na uandaaji wa slaidi ya kuchunguzia vimelea vya malaria. Tumezichagua kwa kuwa ni kazi ya kila siku katika hospitali zetu, hasa katika maeneo ya Ziwa Victoria na Pwani ambako malaria imekita mizizi. Isitoshe, hapa lugha mbili hukutana uso kwa uso. Mtaalamu wa maabara amefunzwa kwa Kiingereza na mwongozo uliobandikwa ukutani ni wa Kiingereza, ilhali mgonjwa aliyenyoosha mkono mbele yake huelezwa kwa Kiswahili. Tangu Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 7, Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya sambamba na Kiingereza. Hata hivyo, urasmi huo haujaufikia ukuta wa maabara.

Damu, mshipa na hofu ya kunyonywa

Kabla ya sindano kuna maneno, na maneno yenyewe yana historia. Tuanze na kitenzi ambacho hakiwezi kutumika. Kwa maana ya kimsingi, kifaa kinachovuta damu kutoka mshipani hufyonza au hunyonya. Lakini ni mhudumu gani atakayemwambia mgonjwa, "Mzee, nakunyonya damu kidogo"? Katika kitabu chake cha mwaka 2000, mwanahistoria Luise White alichunguza masimulizi yaliyoenea Afrika Mashariki na ya Kati enzi za ukoloni, kuhusu wazimamoto na mumiani waliodaiwa kukamata watu na kuwanyonya damu. Baadaye siasa za Ujamaa nchini Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, zililipa neno hilo maisha mapya: mnyonyaji, kupe, mirija. Ajabu ni kwamba mrija ni jina linalofaa kabisa kwa kijibomba chembamba cha kuchukulia damu ya kidoleni. Mtunzi wa istilahi akilichagua, na alichague akijua linachobeba.

Kwa hiyo wahudumu husema "kutoa damu", na hapo utata mwingine huanza. Anayetoa damu ni nani? Mgonjwa hutolewa damu. Mfadhili hutoa damu ili mwingine aongezewe. Mwenye jeraha hutoka damu. Kauli ya kutendwa ndiyo inayotenganisha maana hizi, na mhudumu anayesema "njoo utoe damu" huenda akamfanya mgonjwa afikiri anaombwa msaada wa damu. "Kupima damu" nako kuna mzigo wake. Tangu vituo vya ushauri na upimaji wa virusi vya ukimwi vilipoenea nchini katika miaka ya 2000, kwa watu wengi "kupimwa", bila neno jingine, ni kupimwa virusi hivyo. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu VVU na Ukimwi inataka mtu aridhie kabla ya kupimwa. Haiwezekani mtu akaridhia jambo ambalo jina lake linamtatiza. Anayetafuta vimelea vya malaria na aseme hivyo: "Tunapima malaria katika damu yako."

Mshipa nao ni tatizo. Katika Kiswahili cha kawaida, mshipa ni njia ya damu iendayo moyoni na ile itokayo moyoni. Ni neva vilevile, na kwa wengine ni ugonjwa wa ngiri. Mgonjwa akiambiwa "mshipa wako umejificha" ana haki ya kushtuka. Hapa tunakiri kwamba nomino zina kazi yake: vena, ateri na neva zitenganishwe. Mfano ulio wazi zaidi ni wa kifua kikuu. Mgonjwa aliyeombwa mate ataleta mate, na mate hayatoshi kuonyesha bakteria waliomo mapafuni. Yanayohitajika ni makohozi yaliyokoholewa kutoka ndani ya kifua.

Mkononi

Hatua ya kwanza ya utoaji damu ni ya kiisimu kabisa: kumtambua mgonjwa. Swali "Wewe ni Akinyi?" ni swali funge. Mtu mgonjwa, aliyechoka, asiyesikia vizuri, au anayemheshimu mwenye koti jeupe kupita kiasi, atajibu "ndiyo". Swali "Unaitwa nani, majina yote?" humlazimu aseme mwenyewe. Kichupa huandikwa jina baada ya damu kuingia, mgonjwa akiwa bado ameketi pale, wala si kabla. Kosa la hapa haligunduliki kwa hadubini yoyote.

Kisha hufungwa mpira juu ya kiwiko, sentimita 7 hadi 10 hivi kutoka mahali pa kudunga, na usikae zaidi ya dakika moja. Mgonjwa huambiwa "kunja ngumi". Umbo hilo ni la tendo moja. Wapo wahudumu wanaosema "kunjakunja" au "funga, fungua, funga, fungua", na uradidi huo unabadilisha majibu ya maabara: misuli inapofanya kazi chini ya mpira uliokazwa, kiwango cha potasiamu katika sampuli hupanda, na daktari huenda akatibu ugonjwa usiokuwepo. Katika darasa la mofolojia tunafundishwa kwamba uradidi wa kitenzi huonyesha tendo kurudiwarudiwa. Ni nadra kuambiwa kwamba unaweza kupandisha potasiamu.

Mhudumu hupapasa mshipa kwa ncha ya kidole. Kupapasa ni kitenzi sahihi, lakini hakifai kutamkwa mbele ya mgonjwa wa jinsia nyingine. "Natafuta mshipa" humtosha. Ngozi husafishwa kwa spiriti, nayo huachwa ikauke yenyewe kwa nusu dakika hivi. Haipulizwi wala haipepewi. Spiriti mbichi huwasha na huweza kupasua chembechembe za damu. Halafu sindano hudungwa. Wakenya tunadunga sindano; ndugu zetu wa Tanzania wanachoma. Mgonjwa wa Namanga anayafahamu yote mawili, na hatuoni haja ya kusanifisha jambo hili.

Damu ikishatosha, mpira hulegezwa kwanza, ndipo sindano huchomolewa, na pamba hukandamizwa mahali pale. "Sugua hapo" ni agizo baya, kwa kuwa kusugua huacha alama nyeusi chini ya ngozi.

Sasa tumefikia kichwa cha makala haya. Kichupa chenye dawa ya kuzuia damu isigande, kile cha kifuniko cha zambarau, hupinduliwa polepole mara 8 hadi 10. Kupindua ni kukipeleka kichwa chini na kukirudisha, ili damu ikutane na dawa. Kutikisa ni tendo la nguvu na la haraka. Chembechembe nyekundu hupasuka, rangi yake huvuja, na potasiamu iliyokuwa ndani yake humwagika nje. Kiswahili kina tofauti hii tayari, imekaa mdomoni mwa kila mzungumzaji. Ajabu yake ni kwamba kitenzi cha upole hapa ndicho kile kile tunachokitumia kwa serikali zinazoangushwa. Umbo la "pinduapindua" linafaa zaidi, kwa maana linabeba urudiaji na kupunguza ukali.

Kidoleni na kwenye slaidi

Kwa malaria, damu ya kidole hutosha. Kwa mtu mzima huchaguliwa kidole cha kati au cha pete, upande wa ncha, wala si gumba wala kidole cha shahada. Kwa mtoto mchanga ni kisigino. Tone la kwanza hufutwa kwa pamba kavu kwa kuwa limechanganyika na majimaji ya nyama. Tone linalofuata huminywa taratibu. Halikamuliwi. Ng'ombe hukamuliwa, nguo hukamuliwa, na yeyote anayekamua kidole hupata damu iliyozimuliwa na majimaji yale yale aliyotaka kuyaepuka.

Juu ya slaidi hutengenezwa tando mbili, mzito na mwembamba. Neno utando linatufurahisha. Limetokana na kitenzi tanda, na tayari tunalitumia kwa nyumba ya buibui na kwa ngozi inayojifanya juu ya maziwa yaliyopoa. Hakuna aliyelikopa, hakuna aliyelibuni katika warsha. Utando mzito hupatikana kwa kuzungusha tone la mikrolita 6 hivi, kwa pembe ya slaidi nyingine, hadi liwe duara la upana wa sentimita moja. Unene wake hupimwa kwa njia itakayompendeza msomaji wa fasihi: slaidi ikiwekwa juu ya ukurasa wa gazeti, maandishi yasomeke kwa taabu kupitia damu.

Kwa utando mwembamba, tone dogo zaidi hutumika. Slaidi ya kutandazia hushikwa kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45 na kurudishwa nyuma mpaka iguse tone. Mhudumu husubiri damu itambae ukingoni mwake, kisha husukuma mbele kwa mkupuo mmoja usiosita. Anayesita huacha mistari. Mwisho wa utando hupungua unene hadi kuwa kama unyoya, na karibu na hapo ndipo chembechembe hukaa moja moja zikaonekana. Tambaa, sukuma, tandaza: "paka damu kwenye slaidi", agizo la kawaida, lingezifunika hatua tatu kwa kitenzi kimoja.

Kisha slaidi hukauka. Hatusemi hukaushwa, wala huanikwa. Kukausha kwa moto na kuanika juani vyote huleta joto, nalo joto huigandamanisha damu ya utando mzito ikakataa kuachilia rangi yake nyekundu. Slaidi huachwa ikauke ikiwa imelala, imekingwa na vumbi na hasa inzi, ambao hula utando wote wakaacha kioo kitupu. Utando mwembamba pekee huguswa na methanoli ili chembechembe zishikamane na kioo zisipasuke. Tendo hili halijapata kitenzi kilichokubalika. "Kugandisha" hakufai, kwani damu ikiganda tumekwisha iharibu. Tunapendekeza "kukaza". Utando mzito haukazwi kabisa: maji yaliyomo katika rangi hupasua chembechembe nyekundu, na vimelea hubaki peke yao wakionekana.

Rangi yenyewe ni ya Giemsa, iliyopewa jina la mwanakemia Gustav Giemsa aliyeitangaza mwaka 1904. Slaidi hutiwa rangi; haipakwi. Kinachopakwa hukaa juu, kama chokaa ukutani. Kinachotiwa huingia, na hapa kiini cha kimelea hushika wekundu na mwili wake ubuluu. Kwa mchanganyiko wa asilimia 10 huchukua dakika 10 hivi, kisha slaidi husuuzwa kwa maji ya taratibu. Ukiiosha, utando mzito huenda na maji.

Kusoma na kutoa habari

Wanamaabara husema "kusoma slaidi", na hatuna ugomvi nao. Chombo ni hadubini, ingawa wengi bado huita darubini, chombo cha kutazamia vya mbali. Kwa lenzi ya mafuta inayokuza mara 100, msomaji hupitia angalau nyuga 100 za utando mzito kabla ya kuamua kwamba hakuona kitu. Vipimo vya haraka vimepunguza kazi hii, lakini vile vinavyotafuta protini ya kimelea huweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa hiyo hadubini haijastaafu.

Linalobaki ni namna ya kuandika asichokiona. "Huna malaria" ni hukumu juu ya mtu. "Hakuna vimelea" ni hukumu juu ya damu yake yote, ilhali kilichochunguzwa ni tone. "Vimelea havikuonekana" ndiyo kauli ya kweli, na ndiyo inayolingana na ile ya Kiingereza itumikayo maabarani. Kiswahili kina kauli ya nne ambayo Kiingereza kinaihitaji maneno zaidi kuieleza: "vimelea havijaonekana". Kiambishi -ja- huacha mlango wazi. Mgonjwa ambaye homa yake inaendelea hupimwa tena kila baada ya saa 12 hadi 24, mpaka slaidi zifike tatu, kwa kuwa vimelea vichache huweza kuikwepa ile ya kwanza. Fomu ya majibu yenye "havijaonekana" humwambia mama aliyembeba mtoto mwenye homa kwamba arudi kesho asubuhi. Yenye "hakuna" humpeleka nyumbani.