Mafunzo Niliyopata Chini ya Michoro ya Kalevala

Ukumbi wa kuingilia wa Makumbusho ya Taifa ya Ufini, jijini Helsinki, una michoro minne mikubwa juu darini. Aliichora Akseli Gallen-Kallela mwaka 1928, akisaidiwa na mwanawe Jorma. Kuitazama kumenifunza haya:

1. Kijue kisa kwanza. Michoro hii imetoka katika Kalevala, utenzi ambao Elias Lönnrot aliuunda kutokana na nyimbo za jadi, akauchapisha mwaka 1835. Asiyejua kisa ataona dege la kutisha likivamia mashua. Anayekijua atamtambua Louhi, bibi mtawala wa Kaskazini, aliyejigeuza ndege ili aikomboe Sampo, kinu cha ajabu kinachosaga unga, chumvi na fedha. Shujaa wa utenzi, mzee Väinämöinen, na wenzake wamemwibia. Basi shujaa ndiye mwizi, na anayetisha ndiye anayedai haki yake. Katika purukushani hiyo kinu kitavunjika na kuzama baharini.

2. Usisimame mahali pamoja. Kila upande wa dari una kisa chake, hivyo nilizunguka polepole huku shingo ikilalamika. Kazi ya namna hii hupakwa rangi lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi. Chokaa ikishakauka, rangi imenaswa humo humo, na fundi hana nafasi ya kusitasita.

3. Tafuta fumbo la siasa. Baadhi ya visa hivi Gallen-Kallela alikuwa amevichora kwenye banda la Ufini katika Maonyesho ya Dunia ya Paris, mwaka 1900, nchi yake ikiwa chini ya Tsar wa Urusi. Katika kimoja, mhunzi Ilmarinen analima shamba lililojaa nyoka, na nyoka mmoja amevishwa kitaji cha Romanov, ukoo wa Tsar. Mgeni aliona hadithi tu. Mfini alijua nani anatakiwa atoke shambani.

4. Mfuatilie mchoraji. Huyu huyu aliishi Kenya na familia yake mwaka 1909 hadi 1910, akichora mandhari na watu kwa rangi kali.

5. Uliza mwaka. Banda la Paris lilibomolewa, na michoro ikaenda nalo. Alipovirudia visa vile Helsinki, Ufini ilikuwa imejitawala tangu 1917. Shamba la nyoka lililokuwa dai la uhuru sasa lilikuwa historia. Siku hizi, mbele ya mchoro wowote wa ukutani, nauliza kwanza nani alikuwa anatawala ulipochorwa.