Mapaja Yanauma: Je, Niitupe Dawa ya Lehemu?

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 72, mkulima wa viazi hapa Uyole. Mwaka jana nilipata kiharusi kidogo, nikaanzishiwa simvastatini ya kushusha lehemu, nameza kila usiku. Juma lililopita nilipewa dawa za vidonda vya tumbo. Sasa mapaja yote mawili yaniuma, hata kuinuka kigodani ni taabu. Jirani asema dawa ya lehemu ni sumu ya Wazungu, niitupe. Nifanyeje?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kabla sijamlaumu jirani yako, ambaye bila shaka alinena kwa mapenzi, nakuomba uyasome majina yaliyoandikwa katika pakiti za hizo dawa za tumbo. Kwani aghalabu miongoni mwake imo klarithromisini, nayo huzuia ini lisiivunje simvastatini, hata ikalimbikizana mwilini na kuidhuru misuli, hatari iliyo kubwa zaidi kwa wazee na kwa wenye figo dhaifu. Dawa hizi mbili hazimezwi pamoja.

Basi leo hii, kabla ya kidonge cha usiku, rejea kwa tabibu na pakiti zote mkononi, na mitishamba pia ikiwa waitumia, umweleze bila kuficha. Yeye ndiye atakayeamua ipi isimame kwa muda, na yamkini akakupima damu kujua kama misuli imeumia. Mkojo ukigeuka rangi kama chai ya rangi, au miguu ikilegea, usingoje kuche: nenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Ama kuitupa moja kwa moja, la, kwa kuwa aliyekwisha kupata kiharusi hujikinga kwayo asipate kingine. Ni kweli lawama nyingi juu ya dawa za lehemu ni za kusingiziwa: mwaka 2020 huko London, watu 60 waliokuwa wameziacha kwa maudhi walipewa kwa zamu vidonge vya kweli na vitupu, wasijue kipi ni kipi, na takriban sehemu 9 katika 10 za maudhi yale zikaja hata kwa vile vitupu. Yako siyatii katika fungu hilo, maana yamefuatana na dawa mpya. (Na huo Uzungu nao sijui umetoka wapi, asili ya dawa hizi ni ukungu alioutafiti Mjapani, Akira Endo, mwaka 1973.)

Ukipona, tabibu aweza kukurudishia simvastatini ileile au kukupa pravastatini, dawa nyingine ya lehemu. Jembe mwachie kijana mpaka majibu ya damu yatoke.