Kiwanja cha ufukweni: Hesabu ya mita 60 kabla ya kulipa

KIWANJA kinachotazama bahari hujiuza chenyewe. Mnunuzi anapelekwa asubuhi maji yakiwa yamekupwa, anaona mchanga mweupe umetandaa hadi mbali na mikoko ya kijani pembeni. Dalali hana haja ya maneno mengi. Lakini katika ardhi ya pwani ya Tanzania Bara, eneo analolipia mtu na eneo analoruhusiwa kujenga ni mambo mawili tofauti. Katika tofauti hiyo ndipo mitaji ya watu wengi inapopotelea.

Somo la wiki hii linahusu masharti ya matumizi ya ardhi na vibali vya ujenzi karibu na ardhi oevu za pwani zinazolindwa, yaani mikoko, midomo ya mito na vinamasi vya maji chumvi. Linamhusu anayenunua kiwanja, na linamhusu pia anayenunua hisa au kukopesha kampuni ya hoteli, ya chumvi au ya ufugaji wa kamba. Mali yote ya kampuni ya aina hiyo inaweza kuwa imesimama juu ya ardhi isiyojengeka.

Sababu za ulinzi

Wafanyabiashara wengi huona mikoko kama kichaka kinachosubiri kufyekwa. Kwa upande wa biashara, hilo ni kosa la hesabu. Kamba wanaouzwa Feri na kusafirishwa nje huanzia maisha yao baharini, kisha wakiwa wachanga huingia katika mikoko kutafuta chakula na kujificha, na wakikua hurudi baharini. Mikoko ikiondoka, nyavu hurudi tupu. Mwishoni mwa 2007 serikali ilisimamisha uvuvi wa kamba kwa meli kutokana na kupungua kwa kamba, na makampuni yaliyokuwa na mikopo ya meli yakabaki na madeni bila mavuno.

Mikoko ya Tanzania Bara, iliyokadiriwa kuwa hekta 115,500 katika upimaji wa miaka ya mwisho ya 1980, ni hifadhi ya misitu tangu 1928. Karibu nusu yake, hekta 53,000 hivi, imo katika delta ya Rufiji. Mwaka 2000 Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Ramsar unaohusu ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na Oktoba 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, lenye hekta 596,908, liliandikishwa chini ya mkataba huo. Mwekezaji anayeingia huko anaingia eneo linaloangaliwa na wengi, wakiwemo wakopeshaji wa nje ambao hawatoi fedha bila kuona karatasi za mazingira.

Sheria zinasemaje

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya 2004, katika kifungu cha 57 kama ilivyopitishwa, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ufukwe wa ziwa, ukingo wa mto au bwawa. Inakataza pia shughuli nyingine ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru hifadhi ya maeneo hayo. Waziri amepewa uwezo wa kuweka miongozo ya shughuli zinazoweza kufanyika humo. Kwa hiyo anayesema "kwangu nimeruhusiwa" anapaswa kuonyesha ruhusa hiyo kwa maandishi.

Kabla ya hapo, Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, ilikwisha weka kundi la ardhi hatarishi. Humo zimetajwa vinamasi vya mikoko, matumbawe, ardhi oevu, na ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Aidha, kwa kuwa mikoko ni hifadhi ya misitu, si mali ya kijiji wala ya mtu binafsi. Karatasi iliyosainiwa na mwenyekiti wa kijiji ikisema ameuza "shamba la mikoko" haina thamani hata ya wino uliotumika.

Katika hifadhi za bahari kuna masharti zaidi. Sheria Na. 29 ya 1994 ndiyo iliyozaa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia mwaka 1995. Hifadhi hiyo imegawanywa katika kanda tatu: kanda ya kiini inayolindwa kikamilifu, kanda ya matumizi maalumu, na kanda ya matumizi ya jumla. Viwanja viwili vinavyofanana kwa sura vinaweza kuwa mbele ya kanda tofauti, na mgeni wa hoteli akaruhusiwa kuvua upande mmoja akakatazwa upande wa pili. Bei ya viwanja hivyo haiwezi kuwa moja.

Sheria hizi ni za Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mazingira ya 2015 na vyombo vyake vya ardhi, hivyo mwekezaji asihamishe hesabu za Bagamoyo kwenda Paje.

Hesabu ya mita 60

Uchukuliwe mfano wa wafanyabiashara watatu wa Kariakoo wanaochanga sh. milioni 80 kununua kiwanja chenye upana wa mita 40 na urefu wa mita 100 kutoka baharini. Hizo ni mita za mraba 4,000, na bei inakuwa sh. 20,000 kwa mita ya mraba. Ng'ambo ya barabara kuna kiwanja kisichoona bahari kinachouzwa sh. 35,000 kwa mita ya mraba. Wanakiacha wakisema ni ghali.

Sasa ziondolewe mita 60 za mbele. Zinabaki mita 40 kwa 40, yaani mita za mraba 1,600. Fedha ni zile zile milioni 80, hivyo bei halisi ni sh. 50,000 kwa kila mita inayojengeka. Kiwanja kilichoitwa ghali ndicho rahisi.

Hesabu haijaisha. Wanunuzi hao waliona kiwanja maji yakiwa yamekupwa. Katika pwani ya Dar es Salaam, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kupwa na kujaa hupita mita tatu, na kwenye ufuko tambarare maji husogea mbali sana kuelekea nchi kavu. Ikiwa siku ya bamvua maji yanaingia mita 15 ndani ya bikoni, na mita 60 zikahesabiwa kuanzia hapo, zinabaki mita 25 kwa 40, au mita za mraba 1,000. Bei halisi sasa ni sh. 80,000 kwa mita, na bado hazijaondolewa nafasi za pembeni ambazo halmashauri hudai kuachwa wazi.

Kwa sababu hiyo kiwanja cha ufukweni kikaguliwe mwezi mwandamo au mwezi mpevu, saa ya maji kujaa, pamoja na mpima ardhi aliyesajiliwa. Wavuvi wa mahali hapo waulizwe maji hufika wapi wakati wa masika. Watajibu bila malipo, na hawana asilimia katika mauzo.

Vibali na mpangilio wake

Kosa la pili ni kudhani kwamba hati ya ardhi ndiyo kibali. Hati inaonyesha nani anamiliki, kwa muda gani na kwa matumizi gani. Haiondoi masharti ya sheria nyingine. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema wazi kwamba leseni au kibali kilichotolewa chini ya sheria nyingine hakimruhusu mtu kuanza mradi unaohitaji tathmini bila kuwa na cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira.

Hatua zinazofaa ni hizi. Kwanza, upekuzi katika ofisi ya msajili wa hati, kujua mwenye mali na kama kuna benki inayoishikilia kama dhamana. Kama ardhi ni ya kijiji, utakiwe muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, kwa sababu halmashauri ya kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Pili, ramani ya mipango miji ya eneo, kuona kiwanja kimepangiwa makazi, biashara, hoteli au eneo la wazi. Kubadili matumizi ni ombi, na ombi linaweza kukataliwa. Tatu, mipaka ya hifadhi ya misitu na ya hifadhi ya bahari. Nne, kuandikisha mradi kwa mamlaka ya mazingira ili ufanyiwe mchujo. Kanuni za 2005, zilizorekebishwa 2018, zinagawa miradi katika makundi kulingana na uzito wa athari zake: ipo inayolazimika kufanyiwa tathmini kamili na ipo inayopita kwa hatua fupi zaidi. Tano, na mwisho, kibali cha ujenzi cha halmashauri.

Tathmini hufanywa na wataalamu waliosajiliwa, kwa gharama ya mwenye mradi, na inatakiwa ikamilike kabla ya kuanza au kugharimia ujenzi. Mpango wa fedha uzingatie hilo. Kama wale watatu wa Kariakoo walikopa sh. milioni 50 kati ya zile 80 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, riba peke yake ni sh. milioni tisa kwa mwaka, sawa na sh. 750,000 kila mwezi. Vibali vikichukua miezi minane, milioni sita zimekwenda kabla ya tofali la kwanza. Ni afadhali kulipa malipo ya awali kidogo kwa mkataba unaosema mauzo yatakamilika vibali vikipatikana, kuliko kulipa yote na kuanza kufukuzana na ofisi.

Somo la Rufiji na la Msimbazi

Mfano mkubwa katika historia ya nchi ni mradi wa kufuga kamba katika delta ya Rufiji. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni moja ya uvuvi iliomba eneo la karibu hekta 10,000. Baraza la mazingira, NEMC, wakati huo likiwa chombo cha kutoa ushauri tu, halikushauri mradi ukubaliwe. Mwaka 1997 serikali iliuidhinisha pamoja na hayo. Wanakijiji wa delta, ambao walikuwa wakilima mpunga na kuvua humo tangu enzi za babu zao, walikwenda mahakamani wakisaidiwa na wanasheria wa mazingira. Mradi haukujengwa.

Kwa mwekezaji, somo lake ni kwamba idhini ya ngazi ya juu kabisa haikutosha kuutoa mradi kwenye karatasi. Mradi wenye ushauri mbaya wa kitaalamu na wenyeji wasiokubali una hatari ambayo saini haiifuti. Tangu 2004 hatari hiyo imekuwa kubwa zaidi, kwani tathmini si ushauri tena bali ni sharti la sheria.

Somo la pili ni la Desemba 2015, pale nyumba katika bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam zilipowekewa alama ya X nyekundu na kubomolewa. Msimbazi ni mto unaoishia katika mikoko ya Selander, na sheria ya mita 60 inahusu kingo za mito pia. Nyumba nyingi zilikuwa na umeme, maji na wapangaji. Wapo waliokwenda mahakamani na kupata zuio la muda, na wapo waliobaki na mabati waliyowahi kuyaokoa. Mita ya umeme ni ushahidi wa huduma tu. Haisemi lolote kuhusu kama nyumba iko mahali halali.

Maswali ya kuuliza

Anayeombwa kununua hisa au kuchangia mradi wa pwani aulize wakurugenzi mambo manne na kutaka majibu ya maandishi. Cheti cha tathmini kiko kwa jina la nani, na kinataja mradi huu huu au mwingine? Ukubwa wa eneo uliotumika kuthamini mali ni wa kiwanja kizima au wa sehemu inayojengeka? Kuna kesi au malalamiko ya kijiji? Na masharti yaliyowekwa katika cheti, kama vile kutibu majitaka au kuacha ukanda wa mikoko, yatagharimu kiasi gani kwa mwaka?

Kampuni iliyofuata taratibu haitapata shida kujibu. Inayosema "hayo yanashughulikiwa" inaomba mchango wake kabla ya kuwa na haki ya kujenga, na bei ya hisa zake ishushwe kulingana na hilo.

Wale watatu wa mfano bado wana njia. Wakirudi kwa muuzaji na kipimo cha siku ya bamvua mkononi, wanaweza kutoa bei ya mita za mraba 1,000 badala ya 4,000. Kwa sh. 35,000 kwa mita, bei ya ng'ambo ya barabara, hiyo ni sh. milioni 35, na wanaweza kuongeza kidogo kwa ajili ya kutazama bahari. Akikataa, milioni 80 zao bado wanazo.